dbx 223XS kwenye stirio ya nyumbani: aliyefaidika zaidi si sabufa

Mtu akiongeza sabufa, yaani spika ya besi peke yake, kwenye stirio yake, kila anayepita huuliza besi inashuka hadi wapi. Mimi nauliza jingine kwanza: zile spika mbili ulizokuwa nazo tangu mwanzo, sasa zimebakiziwa kazi gani? Kwa sababu ya swali hilo ndiyo naandika kuhusu dbx 223XS, krosova amilifu, yaani kifaa cha kugawa sauti kati ya sabufa na spika, ambayo imekaa kwenye rafu yangu muda wa kutosha mpaka nimeijua tabia yake. Naipenda. Lakini si kila stirio inaweza kuipokea, na kuna mambo ambayo anayeitaka kwa matumizi ya nyumbani inafaa ayajue kabla hajafungua pochi.

Tuanze na kazi yake. Krosova iliyomo ndani ya boksi la spika ni koili na kapasita zinazogawa sauti baada ya amplifaya kumaliza kuikuza. Krosova amilifu huchomekwa kwenye umeme wake yenyewe na huigawa sauti mapema, ingali ishara ndogo, kabla haijaingia kwenye amplifaya yoyote ya nguvu. Sehemu ya chini inakwenda kwa sabufa, sehemu ya juu inakwenda kwa amplifaya inayoendesha spika za kushoto na kulia. Hii 223XS ni ya njia mbili ukiitumia kwa stirio, au njia tatu ukiitumia kwa mono, yaani chaneli moja. Ni bati refu la upana wa inchi 19, jembamba, la kufungwa kwenye raki, na herufi X kwenye jina lake inakukumbusha kwamba matundu yake yote ni ya XLR, yale ya duara yenye pini tatu. Imetengenezwa kwa ajili ya mafundi wa sauti za majukwaani. Sisi wa nyumbani tunaiazima tu kwa sababu inafanya kazi moja, na inaifanya sawasawa.

Moyo wa kifaa ni filta, yaani vichujio, za Linkwitz-Riley za desibeli 24 kwa kila oktavi, oktavi moja ikiwa ni masafa kuongezeka maradufu au kushuka kwa nusu. Siegfried Linkwitz na Russ Riley walikuwa wahandisi wa Hewlett-Packard, na hoja ya filta hizi ilichapishwa mwaka 1976. Uzuri wake uko pale kwenye mpaka. Katika masafa uliyoyachagua, kila upande unakuwa umeshuka kwa desibeli 6, na kwa kuwa pande zote mbili ziko sawa kifezi, yaani mawimbi yake yanapanda na kushuka kwa pamoja, zikijumlishwa zinarudi pale pale zilipoanzia, bila kilima wala shimo. Filta za namna nyingine huweza kuacha kilima cha desibeli 3 mahali hapo, na kilima cha namna hiyo kwenye 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde) ndicho kinachowafanya watu waseme sabufa yao inavuma kama pipa.

Sasa nirudi kwenye zile spika mbili, maana utamu wenyewe uko hapo.

Zangu ni spika za kuweka juu ya stendi, wufa zake, zile za sauti nzito, ni za sentimita 13. Spika ya ukubwa huo ikipewa muziki wote, hujaribu kila kitu. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa 41 Hz, na koni ile ndogo ya wufa, inayosukuma hewa, inajitahidi kuutoa huku ikiendelea kubeba sauti ya mwimbaji, piano na tarumbeta. Kuna kanuni ya fizikia hapa isiyobembelezeka: ili kutoa sauti yenye nguvu ile ile, koni inatakiwa kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Mwendo unaotosha kwa 80 Hz unatakiwa uzidishwe mara nne kwa 40 Hz. Wufa ndogo haina nafasi hiyo. Inachokitoa badala yake ni upotoshaji, na upotoshaji huo hauishii kwenye besi. Unaichafua kila sauti nyingine inayotoka kwenye koni ile ile wakati ule ule.

Ukiunganisha sabufa kwa njia nyepesi, yaani waya mmoja kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye sabufa na basi, tatizo hilo linabaki vile vile. Sabufa inaongeza besi yake, nazo spika ndogo zinaendelea kuhangaika na ile ile. Krosova amilifu ndiyo inayoziondolea mzigo. Ukiweka mpaka kwenye 80 Hz kwa filta ya desibeli 24, kufikia 40 Hz spika ndogo inapokea ishara iliyoshuka kwa desibeli 24 na kitu, ambayo kwa volti ni kama sehemu moja ya kumi na sita ya ile ya awali. Koni inatulia kabisa. Unaweza kuiona kwa macho: ondoa kitambaa cha mbele, ongeza sauti kwenye wimbo wenye ngoma nzito, utaona wufa imekaa kimya kama haihusiki, huku sakafu inatikisika kutoka upande wa sabufa.

Na masikio yanasikia nini? Sauti ya mwimbaji inasogea mbele. Maneno yanasikika bila kutegea. Nilipoweka kifaa hiki kwa mara ya kwanza nilitarajia kuisifu besi, na besi nikaisifu kweli, lakini kilichonifanya nibaki nimekaa mpaka usiku ni sauti za kwaya. Zile sauti nne ambazo zamani ziliganda pamoja kila ogani ilipoingia, sasa zinabaki zimeachana, kila moja unaweza kuifuata peke yake. Amplifaya nayo inapumua, kwa sababu besi ndiyo inayokula nguvu nyingi, na sasa kazi hiyo ameachiwa mwenzake aliyemo ndani ya sabufa. Hii ndiyo sababu nasema faida kubwa ya 223XS iko kwenye spika ambazo tayari unazo.

Haya, je, stirio yako inaweza kuipokea? Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo naomba uvumilie nieleze kwa kirefu.

Krosova hii lazima ikae baada ya nobu ya sauti na kabla ya amplifaya ya nguvu. Ukiwa na priamplifaya (yenye nobu ya sauti) na amplifaya ya nguvu (inayoendesha spika) kama vifaa viwili tofauti, huna tatizo, ni kuchomoa waya zilizoko kati yao na kuiingiza krosova. Ukiwa na amplifaya moja yenye vyote ndani, geuza uangalie mgongoni. Unatafuta jozi mbili za matundu, moja imeandikwa Pre Out na nyingine Main In. Kwenye amplifaya nyingi za zamani jozi hizo zimeunganishwa kwa vipini vya chuma vyenye umbo la herufi U. Unavichomoa, na hapo umefungua mlango. Yangu ni ya aina hiyo. Vipini nimevifunga kwenye mfuko mdogo na kuubandika ndani ya kitabu cha maelezo, kwa sababu bila vipini hivyo amplifaya haitoi sauti siku utakayotaka kuirudisha ilivyokuwa.

Ukikuta Pre Out bila Main In, unaweza kupeleka ishara kwa sabufa, lakini huwezi kuzipunguzia mzigo spika zako, maana ndani ya amplifaya sauti inaendelea na safari yake bila kupita kwenye krosova. Njia iliyobaki ni kuongeza amplifaya ya nguvu ya pembeni, Pre Out iingie kwenye krosova, na upande wa juu wa krosova uingie kwenye amplifaya hiyo mpya. Usipokuta hata kimoja, naomba usinunue krosova hii. Kuna watu hupendekeza kupitia matundu ya kurekodia kanda, yale ya Tape Out na Tape In. Njia hiyo ina kasoro inayoudhi sana: Tape Out iko kabla ya nobu ya sauti, kwa hiyo spika zako zitafuata nobu kama kawaida lakini sabufa itabaki na kiwango kile kile, uwe umepunguza muziki ukitaka kulala au umeongeza. Kwa stirio ya namna hiyo, sabufa yenye matundu ya kupokea waya za spika itakufaa zaidi.

Kuhusu waya. Vifaa vya nyumbani vinatumia RCA, plagi yenye ncha moja katikati na pete nje, hii inatumia XLR, kwa hiyo utahitaji kebo zenye XLR upande mmoja na RCA upande wa pili: mbili za kuingiza, mbili za kwenda kwenye Main In, na moja ndefu ya sabufa. Usinunue kwa kuangalia ganda lake linavyong'aa. Kinachotakiwa ni kwamba pini ya 2 iwe imeungwa na ncha ya katikati ya RCA na pini ya 1 iwe imeungwa na pete ya nje. Kwenye kebo za kuingiza ishara, pini ya 3 huungwa pamoja na pini ya 1. Kwa zile za kutoa, fuata kitabu cha kifaa, kwa kuwa saketi za kutoa hazifanani kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Muungurumo ndio adui wa kwanza utakayekutana naye. Ni ile sauti nzito ya mfululizo, ya 50 Hz au 60 Hz kutegemea umeme wa nchi, pamoja na zile zinazozidisha masafa hayo, inayosikika hata muziki ukiwa umezimwa. Huja pale vifaa viwili vyenye plagi za pini tatu vinapounganishwa na ethi (waya wa ardhini) kwa njia mbili kwa wakati mmoja, moja kupitia ukuta na nyingine kupitia ganda la kebo ya sauti. Krosova na sabufa vikiwa na ethi kila kimoja, mzunguko unajitengeneza wenyewe. Cha kwanza ni kuvichomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, na mara nyingi hilo linatosha. Likishindikana, kuna transfoma ndogo za kutenganisha ishara, zinakaa kwenye kebo ya sabufa na kuukata mzunguko bila kugusa umeme wa ukutani. Transfoma hizo zisiwe za bei ya kutupa, kwa sababu zilizo duni hupoteza besi ya chini, ambayo ndiyo uliyoinunulia sabufa. Na hili naliandika kwa msisitizo: usikate kamwe waya wa ethi wa kifaa chochote, wala usivunje pini yake. Ethi iko pale ili hitilafu ikitokea umeme usipite kwako au kwa mtoto anayegusa lile bati. Ukimwona fundi anakushauri ukate, mshukuru na utafute mwingine.

Sasa uso wa kifaa. Kwa kila chaneli una nobu ya geini ya kuingiza, yaani ya kukuza au kupunguza ishara inayoingia, inayokwenda desibeli 12 chini au juu, nobu ya masafa ya mpaka, nobu ya kiwango cha upande wa chini, nobu ya kiwango cha upande wa juu, na vitufe vya kugeuza fezi. Chaneli mbili zinajitegemea, jambo ambalo fundi wa jukwaani analipenda. Nyumbani maana yake ni kwamba kila ukigusa ya kushoto lazima uirudie ya kulia, kwa umakini, la sivyo mwimbaji atahama kutoka katikati.

Nobu ya masafa ndiyo ninayoilalamikia zaidi. Inaanzia 45 Hz hadi 960 Hz, na ukiiweka swichi kwenye x10 inakuwa 450 Hz hadi 9.6 kHz. Sisi wa sabufa tunaishi kati ya 60 na 120, na eneo hilo lote limebanwa kwenye kipande kidogo cha mzunguko wa nobu. Kutoka 80 hadi 90 ni kama unywele. Kuhakikisha kushoto na kulia ziko sawa kwa macho pekee ni kubahatisha. Mimi nilicheza toni ya 80 Hz kutoka kwenye simu, nikapima volti zinazotoka upande wa juu wa kila chaneli kwa mita ya kawaida ya fundi umeme, nikazungusha mpaka zikalingana. Ni kazi ya muda mfupi na inalipa. Na kabla ya kuwasha amplifaya, hakikisha ile swichi iko x1. Ikiwa x10, ulichodhani ni 80 ni 800, na spika zako zitabaki na muziki uliokatwa kiuno.

Kitufe kilichoandikwa LOW CUT kinakata besi iliyo chini ya 40 Hz. Jukwaani kina maana, kinalinda spika dhidi ya maikrofoni iliyoanguka na miguu ya wachezaji. Nyumbani kiache. Ukikibonyeza unaitupa oktavi nzima ya mwisho, ile ambayo spika ndogo haziwezi kuifikia na ambayo sabufa ipo kwa ajili yake. Noti ya chini kabisa ya piano ni 27.5 Hz, LOW CUT haitaki kuisikia. Mtu pekee ambaye ningemshauri akijaribu ni mwenye sabufa ndogo sana, au mpenzi wa santuri ambaye wufa yake inacheza ovyo kwa sababu ya mtetemo wa sahani iliyopinda.

Nyuma kuna swichi ya LF SUM, na hii ndiyo iliyonifanya niichague 223XS badala ya krosova nyingine za njia mbili. Ukiiwasha, besi ya kushoto na ya kulia zinajumlishwa na kutoka pamoja kwenye tundu la chini la chaneli ya kwanza. Kwa mwenye sabufa moja hakuna kitu kizuri kama hicho, maana hakuna haja ya kebo ya Y, na hakuna haja ya kuunganisha matokeo mawili kwa nguvu, jambo ambalo saketi hazilipendi. Wala usiogope kwamba unapoteza stirio. Wimbi la 80 Hz lina urefu wa mita 4.3, na sikio haliwezi kusema kwa uhakika wimbi kubwa hivyo limetokea upande gani wa chumba. Hata santuri nyingi zilichongwa zikiwa na besi iliyowekwa katikati, kwa sababu tofauti kubwa ya besi kati ya kushoto na kulia huirusha sindano nje ya mfereji.

Sabufa yenyewe kwa kawaida ina filta yake ndani. Ukiiacha kwenye 80 huku krosova nayo iko 80, unachuja mara mbili, na pale kwenye mpaka unapata shimo pamoja na fezi iliyovurugika. Tafuta tundu lililoandikwa LFE au swichi ya kuiruka filta, na kama hakuna, izungushe nobu ya sabufa mpaka mwisho wa juu.

Mpaka uwe wapi? Wengi huanzia 80 Hz, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Ndiyo namba iliyochaguliwa na THX, kampuni inayoweka viwango vya sauti za sinema, kwa sinema za nyumbani. Nilijaribu 60, na spika zikarudia kuhangaika. Nilijaribu 120, na sauti nzito za kiume zikaanza kuvutwa kuelekea kona ilipo sabufa, kitu ambacho ukishakisikia huwezi kukisahau. Kumbuka pia kwamba spika ina mteremko wake wa asili unaojiongeza juu ya ule wa filta, kwa hiyo mpaka ukiwa karibu mno na mahali spika inapoanza kuchoka, mteremko unakuwa mkali kupita ulivyopanga na jumla haitoki sawa. Spika zangu zinaanza kushuka karibu na 55 Hz. Nimetulia kwenye kama 90.

Fezi inahitaji subira. Sabufa na spika zikisukuma hewa kwa nyakati tofauti ni kama watu wawili waliobeba gogo moja wakitembea kwa hatua zisizolingana: nguvu ipo, mwendo haupo. Njia ninayoiamini ni hii. Cheza toni ya masafa ya mpaka, kaa mahali unapokaa siku zote, kisha mtu mwingine abonyeze kitufe cha kugeuza fezi cha upande wa chini. Hali moja itakuwa na sauti ndogo kuliko nyingine. Ibaki kwenye hiyo ndogo kwanza, na kama sabufa yako ina nobu ya fezi, izungushe taratibu mpaka sauti izame kabisa, maana sikio linatambua shimo kwa urahisi kuliko kilele. Sogeza hata sabufa yenyewe kama inabidi. Ukishapata shimo la ndani kabisa, rudisha kitufe. Sasa pande mbili zinasaidiana.

Viwango vya ishara ni jambo dogo kwa kifaa hiki. Vifaa vya studio hufanya kazi karibu na +4 dBu, ambayo ni volti 1.23, na vya nyumbani karibu na -10 dBV, ambayo ni volti 0.316. Tofauti ni kama desibeli 12, na geini ya kuingiza inaimaliza yote. Ukisikia mvuvumo wa hewa kwenye twita, ile ndogo ya sauti za juu, muziki ukiwa kimya, pandisha kidogo geini ya kuingiza na ushushe kiwango cha upande wa juu. Katika kuwasha, krosova iwe ya kwanza na amplifaya na sabufa ziwe za mwisho. Katika kuzima, kinyume chake.

Kiwango cha sabufa kiweke kwa masikio, tena kwa nyimbo unazozijua. Maikrofoni nyingi za simu hupunguza besi, kwa hiyo programu ya kupimia itakudanganya pale pale unapohitaji ukweli. Mimi huanza na sabufa ikiwa kimya, naipandisha kidogo kidogo, na nikianza kuisikia kama kitu cha tatu ndani ya chumba najua nimepita, narudi nyuma. Ikiwa imekaa sawa, mgeni atadhani zile spika ndogo ndizo zinazotoa besi yote, na hatakuamini mpaka uzime sabufa.

Kuna mambo ambayo krosova hii haiwezi, na si haki kuyanyamazia. Chumba chenye urefu wa mita 5 huanza kuvuma chenyewe karibu na 34 Hz, na noti inayoangukia hapo itavimba sehemu fulani na kupotea sehemu nyingine. 223XS haina ekwalaiza ya kulishughulikia hilo. Dawa ya kwanza ni mahali. Weka sabufa pale unapokaa, cheza mstari wa besi unaopanda na kushuka, kisha tembea kwa magoti kuzunguka kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa usawa ndipo sabufa inapotakiwa kukaa. Tulifanya hivyo hapa nyumbani, na kona iliyoshinda haikuwa ile niliyoitaka kwa ajili ya mwonekano. Nikaikubali.

Pia haina ucheleweshaji. Sabufa ikiwa nyuma ya spika kwa mita 1, sauti yake inachelewa kama milisekunde 3, na kwa 80 Hz hiyo ni takriban nyuzi 84 za fezi. Kitufe cha kugeuza kinajua nyuzi 180 tu. Kwa hiyo jitahidi sabufa na spika ziwe na umbali unaokaribiana kutoka mahali pa kusikilizia, au uwe na sabufa yenye nobu ya fezi. Anayetaka kurekebisha hayo yote kwa namba anafaa aangalie vifaa vya dijitali kama miniDSP 2x4 HD, yenye ucheleweshaji na ekwalaiza kwa kila tundu, inayopangwa kwa kompyuta. Ni kifaa chenye uwezo mkubwa zaidi, sibishani na hilo. Lakini kinataka maikrofoni ya kupimia, kinataka usome grafu, na ishara ya analogi inageuzwa kuwa dijitali kisha inarudishwa. Mimi nasikiliza santuri zaidi, na nilitaka kitu ninachoweza kukirekebisha kwa mkono nikiwa nimesimama mbele yake. Mwenye amplifaya ya sinema ya nyumbani hahitaji chochote kati ya hivi viwili, kwa sababu kazi hii imo tayari ndani ya menyu zake, chini ya ukubwa wa spika.

Kwa hiyo ningempa nani? Mwenye stirio ya njia mbili, amplifaya inayofunguka kati ya pri na nguvu, spika ndogo nzuri anazozipenda, na sabufa yenye amplifaya yake ndani. Mwenye spika kubwa za kusimama sakafuni zinazoshuka hadi 30 Hz bila shida atapata faida ndogo. Kwa yule wa kwanza, sijui badiliko jingine la stirio linaloziachia spika zake huru namna hii bila kuzibadilisha.

Jambo moja kwa watakaofikia hatua ya sabufa mbili: zima LF SUM, kila chaneli ya chini itoe ya kwake, na rudia kazi ya fezi upande mmoja mmoja, spika ya upande wa pili ikiwa imechomolewa.